Namna ya kuzungumza na ndugu kuhusu kuchelewa kupata mtoto: mwongozo kamili kwa wanandoa

"Mbona kimya?" Swali hili halikosekani ndugu wanapokutana, na karibu kila mara huelekezwa kwa mke, hata mume akiwa amekaa pembeni yake. Anayeuliza huenda hana nia mbaya. Lakini linapowakuta wawili ambao hawajapanga la kujibu, kila mmoja husema lake. Mke atasema Mungu hajajalia, mume atasema bado wanajipanga, na kufikia jioni ukoo utakuwa umepata kauli mbili za kuzijadili.

Mwongozo huu ni kwa wanandoa wanaotafuta mtoto bila mafanikio, huku wakiwa na ndugu wengi wanaowapenda na kuwabana kwa wakati mmoja. Msimamo wangu ni huu: habari za uzazi wenu ni zenu wawili. Ndugu wapewe kiasi mlichokubaliana, wakisikie kutoka kwa mtu wa damu yao, na wakisikie mapema, kabla hawajajitungia maelezo. Mkinyamaza kabisa, lawama hutafuta pa kutua, na mara nyingi hutua kwa mke.

Hatua ya 1: Kaeni wawili kwanza

Kabla ya kumwambia mtu yeyote, tafuteni saa moja ya utulivu mgawe habari zenu katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni yale ambayo yeyote akiuliza ataambiwa. La pili ni yale ya watu wachache mliowachagua. La tatu ni yale yasiyotoka ndani ya nyumba kabisa, hata kwa mama mzazi, hata kwa rafiki wa tangu utotoni.

Yaandikeni. Mkiandika mtagundua mnatofautiana pale ambapo mlidhani mko pamoja: mmoja anaona kutaja kwamba mnahudhuria hospitali si siri, mwenzake anaona hiyo ndiyo siri yenyewe. Ni heri mgundue hivyo mkiwa wawili kuliko mbele ya shangazi.

Kuhusu majibu ya vipimo, pendekezo langu ni kwamba mwenye mwili ndiye mwenye neno la mwisho. Ikiwa mirija ya uzazi ya mke imeziba, mume hana ruhusa ya kumsimulia dada yake bila mke kukubali. Ikiwa mbegu za mume ni chache, mke hampelekei mama yake habari hiyo, hata siku wakiwa wamegombana. Hasa siku hiyo. Maneno yaliyotoka kwa hasira mwezi huu yatakuwa bado yanazunguka kwa ndugu miaka kumi baadaye, ninyi mkiwa mmeshapatana na kusahau.

Hatua ya 2: Jueni mnazungumzia nini

Ukienda kwa ndugu na wasiwasi mtupu, watakurudishia dhana. Ukienda na maelezo machache ya uhakika, mazungumzo hutulia.

Shirika la Afya Duniani huhesabu ugumba pale wawili wanapokosa ujauzito baada ya miezi 12 au zaidi ya kukutana kimwili mara kwa mara bila kuzuia mimba. Mwanamke aliyefikisha miaka 35 hushauriwa asingoje mwaka. Amwone daktari baada ya miezi 6. Ripoti ya shirika hilo ya mwaka 2023 ilikadiria kwamba takriban mtu mzima 1 kati ya 6 duniani hupitia hali hii wakati fulani wa maisha yake. Kwa maana hiyo, katika ukoo mkubwa si ajabu kuwapo wengine waliopita njia hii hii kimyakimya. Kumbukeni hilo mnapochagua wa kuongea naye.

Sababu ziko pande zote mbili. Kwa mwanamke, yai linaweza lisipevuke kwa mpangilio, mirija ikaziba, kukawa na uvimbe kwenye kizazi, au tishu zinazofanana na za ndani ya mji wa mimba zikaota nje yake. Kwa mwanaume, mbegu huweza kuwa chache, zikakosa mwendo, zikawa na maumbo yasiyo ya kawaida, au njia yake ikaziba. Wakati mwingine chanzo ni mishipa ya damu iliyotanuka kwenye korodani. Wapo pia wanandoa ambao vipimo vyote vinatoka safi na mimba haishiki.

Nina sharti moja hapa: mume apimwe kabla ya mazungumzo na ukoo. Kipimo cha manii ni rahisi kuliko vipimo vingi anavyopitia mwanamke, hakihitaji kupasuliwa wala sindano, na bado wake wengi huzunguka hospitali miezi na miezi huku mume hajatoa sampuli hata mara moja. Kipimo cha kwanza kikitoka na kasoro, daktari kwa kawaida hutaka kirudiwe baada ya miezi kama mitatu, kwa kuwa mbegu huchukua takriban siku 70 hadi 75 kutengenezwa. Nguvu za kiume si ushahidi, kwa sababu mwanaume anaweza kuwa hana tatizo lolote kitandani na mbegu zake zikawa chache sana. Kuwa na mtoto wa zamani nako si ushahidi, maana hali ya mwili hubadilika.

Mume aliyepimwa huongea na mama yake kwa namna nyingine kabisa. Anaweza kusema "tumepimwa wote wawili" na akawa anasema kweli.

Hatua ya 3: Chagueni mlango mmoja kila upande

Msiwaambie wote. Kila upande chagueni mtu mmoja, au wawili wakizidi, ambaye habari zitapitia kwake. Kipimo cha kumchagua si umri wala cheo katika ukoo. Jiulizeni: mtu huyu alishawahi kuambiwa jambo zito la mwingine, na sisi hatukulisikia kutoka kwake? Jibu likiwa ndiyo, huyo anafaa. Kama kila habari ya ukoo mnaipata kwake, mpendeni, lakini mwacheni kwenye fungu la kwanza.

Mtu huyu ana kazi maalumu, na aambiwe kazi hiyo waziwazi: kuzima maswali msipokuwepo. Mjomba mmoja mwenye heshima akisema "hilo jambo wanalishughulikia, tuwaache" amewaokoa na maswali mengi.

Msipeleke habari hizi kwenye kundi la familia la kwenye simu. Ujumbe hunakiliwa, husomwa na watoto, na hubaki pale hata baada ya hali kubadilika.

Hatua ya 4: Kila mmoja aongee na kwao

Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi, na ndiyo inayoamua mambo.

Mke asiachwe kueleza kwa mama mkwe kwa nini hakuna mjukuu. Hata akieleza vizuri namna gani, maelezo yake yatasikika kama kujitetea. Mama mkwe anataka kusikia kutoka kwa mwanawe, na anachokitafuta zaidi ni kujua mwanawe amesimama wapi. Mume akikwepa mazungumzo hayo, mama yake atatafsiri kwamba mwanawe ameumizwa na mkewe na hana pa kusemea. Hapo ndipo huanza maneno ya kutafutiwa mwingine.

Mume aende mwenyewe, akae na mama yake au baba yake, na atumie "sisi" tangu sentensi ya kwanza mpaka ya mwisho. Kwa mfano:

"Mama, nimekuja kukueleza jambo. Mimi na mke wangu tunatafuta mtoto na bado hatujapata. Tumeshaenda kwa daktari, tumepimwa wote wawili, na tuko kwenye matibabu. Nakuomba mambo mawili. La kwanza, mwenye swali aniulize mimi, asimuulize mke wangu. La pili, ukisikia watu wanalizungumza, uwaambie tunalijua na tunalishughulikia."

Maneno ni machache, lakini yamebeba yote matatu yanayohitajika: kinachoendelea, mnachofanya, na mnachoomba. Ombi ndilo watu husahau. Mzazi aliyepewa habari nzito bila kazi ya kufanya atajitafutia kazi, na kazi atakayoipata huenda ni kuwapigia simu ndugu wote kuomba ushauri.

Mama akiuliza, "Sasa tatizo ni la nani?", jibu liwe limeshapangwa: "Mama, tumekubaliana majibu ya vipimo yabaki kwetu. Tatizo ni letu sote wawili." Jibu liwe hilo hilo, iwe chanzo kiko kwa mke, kwa mume, kwa wote, au hakijulikani. Mkisema "si kwangu" hata mara moja, mmeshasema ni kwa nani.

Hapa kuna jambo la kuongea bila kuficha. Chanzo kinapokuwa kwa mume, wake wengi huamua kubeba lawama ili kumsitiri. Ni upendo mkubwa, lakini siushauri. Mke atasemwa, atabezwa, pengine atashinikizwa kuondoka, na mume ataangalia akijua ukweli. Kusitiri kunawezekana bila uongo: majibu yanabaki siri, na lawama haiendi kwa yeyote. Ndugu wakianza kumrushia mke maneno, ni wajibu wa mume kusimama na kuyazuia. Akiona hawezi kuyazuia bila kutaja hali yake mwenyewe, basi aitaje. Heshima yake haitapungua kama itakavyopungua akimwacha mke aumie kwa niaba yake.

Upande wa mke nao una kazi yake. Mama wa mke akiwa na uchungu huweza kumlaumu mkwe, au kumshauri binti arudi nyumbani. Binti atumie "sisi" hiyo hiyo.

Hatua ya 5: Chagua wakati, na fupisha

Usilifungue jambo hili harusini, msibani, wala kwenye sherehe ya mtoto wa mwingine. Usilifungue pia siku hedhi ilipoanza baada ya mwezi wa matumaini; siku hiyo ni ya kulia na kupumzika. Tafuta siku ya kawaida, mkiwa wawili, pasipo watu wa kupitapita. Kwa mzazi wa mbali simu inatosha, ila muulize kwanza kama yuko peke yake.

Panga pia namna ya kumaliza, kwa mfano: "Nilitaka ulijue hilo tu. Kukiwa na jipya nitakwambia mimi mwenyewe." Sentensi ya mwisho inamwondolea mzazi sababu ya kuuliza kila wiki. Kisha geuza mazungumzo, au aga.

Machozi yakija, yaache yaje. Huhitaji kuomba radhi kwa kulia mbele ya mama yako.

Hatua ya 6: Majibu ya maneno mtakayokutana nayo

Ndugu wakishajua, ushauri utaanza. Mwingi ni wa upendo, na mwingi hauna msingi. Hamna deni la kumweleza kila mtu sayansi, lakini kwa wale wa karibu maelezo mafupi husaidia.

"Ni zile dawa za uzazi wa mpango." Lawama hii huwaangukia wanawake bila haki. Vidonge, kitanzi na vipandikizi haviondoi uwezo wa kuzaa. Mwanamke akiviacha, uwezo hurudi kama wa wanawake wengine wa umri wake. Sindano ya miezi mitatu ndiyo inayoweza kuchelewesha, na ni kawaida ujauzito kuchukua miezi kadhaa hadi mwaka au zaidi kidogo tangu sindano ya mwisho. Kuchelewesha si kuharibu. Jibu: "Shangazi, tumemuuliza daktari hilo, na amesema silo."

"Acheni mawazo, mtapata." Mirija iliyoziba haizibuki kwa kutulia, na mbegu chache haziongezeki kwa safari ya mapumziko. Kauli hii huumiza kwa sababu inawageuza wagonjwa kuwa wenye makosa. Kwa anayeisema kwa nia njema, inatosha kusema: "Asante. Kinachotusaidia sasa ni matibabu, na dua zako."

"Kuna dawa fulani ya mitishamba, ilimsaidia mtoto wa fulani." Mnapokuwa kwenye matibabu, dawa isiyojulikana inaweza kugongana na dawa za hospitali. Semeni: "Daktari ametukataza kuchanganya dawa," kisha siku ya miadi muulizeni daktari kweli, ili kauli hiyo iwe na mguu wa kusimamia.

"Leeni mtoto wa ndugu, tumbo litafunguka." Kulea au kuasili mtoto ni uamuzi mkubwa na mzuri kwa wanaoutaka, lakini hakutibu ugumba, na mtoto huyo hapaswi kuingia nyumbani kama dawa. Jibu: "Tukiamua kulea, tutalea kwa sababu tunamtaka mtoto huyo."

"Mbona fulani alipata baada ya miaka mingi?" Hapa jibu halihitajiki. Tabasamu na nenda zako.

"Mwanangu, umri unakwenda, tafuta mwingine." Kauli hii isipite kimya hata mara moja. Anayeambiwa, awe mume au mke, ajibu papo hapo na kwa sauti ya chini: "Baba, nakuheshimu sana. Jambo hilo siko tayari kulizungumza, leo wala siku nyingine." Likirudi tena, ainuke aondoke. Mwenzake akilisikia baadaye kupitia mtu wa tatu, asikie pia namna lilivyojibiwa.

Hatua ya 7: Wakati wa matibabu, msitoe tarehe

Mtoto wa kwanza duniani aliyepatikana kwa yai kurutubishwa nje ya mwili alizaliwa Uingereza mwaka 1978, na tangu hapo mamilioni wamezaliwa kwa njia hiyo. Hata hivyo, ndugu wengi bado huidhania kuwa jambo la ajabu, au husikia "upandikizaji" wakadhani mafanikio ni ya uhakika. Mkiamua kuwaambia, waambieni mambo yote mawili kwa pamoja: mtoto wa njia hii ni mtoto kama wengine, na kila jaribio linaweza lisifanikiwe.

Msichowaambia ni siku. Baada ya kiinitete, yaani yai lililorutubishwa na kuanza kukua, kuwekwa kwenye mji wa mimba, kipimo cha ujauzito hufanyika baada ya takriban siku 10 hadi 14. Siku hizo ni ngumu hata bila simu ya mtu yeyote. Ndugu wanane wakijua tarehe ya kipimo, mtapigiwa simu nane asubuhi hiyo, na majibu yakiwa mabaya mtayatamka mara nane. Semeni "tutafanya mwaka huu", basi. Matokeo yakitoka, mlango wenu wa kila upande ndio uwafikishie wengine, mtakapokuwa tayari.

Fedha zinataka tahadhari ya pekee. Matibabu ni ghali, na ndugu akichangia huanza kujiona ana haki ya kujua kila hatua. Wakati mwingine hujiona ana haki ya kuamua lini muendelee au muache. Kabla ya kupokea, mwambieni: "Tunashukuru sana. Tungependa ujue kwamba hatutaweza kukueleza kila kinachoendelea, na hatuna uhakika wa matokeo. Ukiona hilo ni zito kwako, tutaelewa." Anayekubali baada ya kusikia hayo ametoa kwa moyo. Anayesita, fedha zake zitawagharimu amani baadaye.

Ikitokea mimba imeharibika, mtu mmoja tu kwa kila upande aarifiwe kwa simu, na yeye awaarifu wengine pamoja na ombi la kutofika wala kupiga simu mpaka mtakaposema. Mwanamke anayevuja damu hapaswi kupokea wageni.

Hatua ya 8: Mimba na watoto wa wengine

Wifi yako atapata mimba. Mdogo wako ataolewa na kujifungua kabla yako. Furaha yao ni ya kweli na uchungu wako ni wa kweli, na vyote viwili hukaa ndani ya mtu mmoja bila kumfanya mbaya.

Waombe walio karibu wakupe habari hizo kwa ujumbe wa maandishi, faraghani, kabla ya kutangazwa kwa wote. Unaweza kuandika: "Wifi, siku Mungu akikujalia, naomba nilijue mapema kwa ujumbe, nisilisikie mbele ya watu. Nitakufurahia, ila nitahitaji muda wangu kidogo." Ujumbe hukupa nafasi ya kulia kwanza na kupongeza baadaye. Habari ya ana kwa ana hukulazimisha kutabasamu papo hapo.

Sherehe nyingine unaweza usiende. Tuma zawadi, mume aende kwa niaba yenu, au mfike mapema na muondoke mapema. Kwa walio nje ya wale mliowachagua sababu ni moja, "sitaweza kufika", bila nyongeza. Kinachodhuru ni kukubali kwenda kisha usitokee bila neno.

Kama tayari mna mtoto mmoja na wa pili hapatikani, ndugu watawaambia mshukuru huyo mliye naye. Shukrani mnayo; matibabu pia mnayahitaji. Mlindeni mtoto asiulizwe "mdogo wako yuko wapi?", na muulizaji aonywe kwa upole lakini siku hiyo hiyo.

Hatua ya 9: Mipaka ikivunjwa

Siri ikivuja, msianze kumsaka mchongezi mbele ya ukoo mzima. Mfuateni mliyemwambia, peke yake: "Tulikuamini na hili, na limefika kwa wengine. Kuanzia sasa hatutakueleza zaidi." Kisha mtekeleze hilo.

Matusi, masimango na vitisho vya kumfukuza mke nyumbani ni jambo lingine, wala si suala la mazungumzo mazuri tena. Hapo punguzeni kutembelea, tafuteni mzee anayesikilizwa na pande zote, na ikibidi hameni karibu nao. Kama usingizi umepotea, hamu ya kula haipo, au mmoja wenu anasema hana sababu ya kuishi, nendeni kwa mshauri nasaha au daktari siku hiyo hiyo. Hospitali nyingi zinazotibu ugumba zina mtu wa kuongea na wanandoa. Ulizeni, kwa kuwa si kila mara mtaelezwa bila kuuliza.

Hatua ya 10: Rudieni makubaliano yenu

Yale mafungu matatu ya mwanzo yatachakaa. Baada ya kila jibu kubwa kaeni tena myapitie, maana mlichotaka kifichwe mwaka jana huenda leo kinawachosha kukificha, na mlichokuwa mkikisema kwa wepesi huenda sasa kinauma.

Mkifikia kuamua kusitisha matibabu, uamuzi huo nao utangazwe kwa utaratibu ule ule: kila mmoja kwao, kwa "sisi", bila kuomba ruhusa. "Tumefanya tulichoweza na tumeamua kupumzika. Tunaomba tusiulizwe tena. Tukibadili mawazo tutawaambia." Wazazi watahitaji muda wa kuomboleza wajukuu waliowatarajia. Wapeni muda huo, lakini msikubali kuwa ninyi wa kuwabembeleza kila wakutanapo nanyi. Hapo ndipo yule mliyemchagua kila upande anapohitajika tena, kukaa na mama na baba na kuwasikiliza.